Kisima kinashuka, mabua hayatoshi: niuze ng'ombe yupi?

Kwenu washauri wa shamba na mifugo,

Shikamooni. Niko Kongwa, mkoa wa Dodoma. Nyumbani tuko sita, na mashamba yetu ni ekari tatu: mbili za mahindi, moja nusu mtama nusu alizeti. Nina ng'ombe mmoja chotara wa maziwa. Alizaa mwezi wa tatu, ndama wake dume nilishamuuza, na sasa anatoa lita 5 kwa siku. Alipandishwa mwezi wa saba mwanzoni, ila sijui kama kashika. Nina pia mtamba mwenye mimba ya miezi mitano, mbuzi saba (majike wanne, mmoja wao meno yamekwisha, mabeberu wawili na mwana mmoja) na kuku ishirini wa kienyeji.

Kisima chetu ni cha kuchimba kwa mkono, upana mita 1.2, kina mita 9. Mwezi wa sita maji yalisimama mita nzima. Leo ni tarehe 7 Septemba na kila asubuhi nachota madumu 14 ya lita 20, kisha natoa tope. Mabua nimefunga mizigo 90; niliupima mmoja kwenye mizani ya dukani, kilo 15. Nina mashina 150 ya nyanya yaliyoanza kuzaa. Nayamwagilia siku moja nikiruka siku mbili, lakini matunda yanaoza kitako yakiwa mabichi.

Mume wangu anataka tuuze mtamba kwa kuwa haleti kitu. Shemeji anasema bora kuuza anayekamuliwa kwa kuwa ndiye mlaji. Shemeji huyohuyo ana pampu ya petroli na anataka kuishusha kisimani tukichimbe zaidi. Halafu mwaka jana mwezi wa kumi kuku walikufa karibu wote ndani ya wiki moja, shingo zimepinda. Nifanyeje nifike kwenye mvua?

Mama Sifa, Kongwa

MAJIBU

Marahaba, Mama Sifa. Umetupimia madumu na mizigo, na hiyo ni zaidi ya nusu ya kazi. Jibu fupi: usiuze ng'ombe yeyote kwa sasa. Uza mabeberu wote wawili na yule jike asiye na meno, na ung'oe zaidi ya nusu ya nyanya zako. Sasa hesabu.

Tuanze na maji, maana ndiyo yatakayokubana kabla ya malisho. Madumu 14 ni lita 280. Watu sita kwa lita 20 kila mmoja ni 120. Ng'ombe anayekamuliwa, kwa joto la Septemba na Oktoba, anahitaji kama 60, mtamba 35, mbuzi saba 28, kuku ishirini lita 6. Jumla 249. Zinabaki lita 31, dumu moja na nusu. Shina la nyanya linalozaa kwenye jua la Dodoma linataka lita moja na nusu hadi 2 kwa siku, kwa hiyo mashina yako 150 yanadai lita 225 kwa uchache. Hayo maji huna. Kila mara unapoyamwagilia, unayatoa kwenye kinywa cha ng'ombe, na ng'ombe analipa kwa maziwa: sehemu kubwa ya maziwa ni maji, na akinyweshwa mara moja tu kwa siku hupunguza kula kwanza, kisha maziwa yanafuata. Mnyweshe mara tatu, na ndoo ikae kivulini.

Ndiyo maana pia nyanya zinaoza kitako. Huo si ukungu, na dawa ya ukungu haitasaidia. Tunda linajengwa kwa chokaa (madini ya kalsiamu) inayosafiri ndani ya maji kutoka mizizini. Udongo ukikauka siku mbili kisha ukapata mafuriko ya siku moja, chokaa haifiki nchani mwa tunda, na hapo ndipo panapoanza doa la maji linalogeuka jeusi, kavu kama ngozi. Chagua mashina 40 yenye afya, mengine yang'oe leo. Hayo 40 yape lita moja na nusu kila jioni, bila kuruka. Uza mbuzi watatu uokoe lita 12 kwa siku, na maji ya kuogea na kusuuzia vyombo, kama lita 40, yaende bustanini. Hapo una lita 80 hivi: 60 za nyanya, 20 za tuta dogo la mchicha lisilozidi mita 4 za mraba. Maji ya sabuni ya unga yana chumvi inayogandisha udongo. Hayo peleka kwenye mpapai au mwembe.

Tuta la kiangazi lisiinuliwe. Lizamishe sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie. Funika udongo kwa matandazo unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, la sivyo mchwa watahama kutoka kwenye majani makavu kuingia kwenye nyanya. Usitandaze mabua, hayo ni chakula. Mashina ya alizeti yaliyokatwakatwa na maganda ya karanga yanafaa kabisa. Ukiona majani ya nyanya yana michirizi myeupe yenye kiwavi ndani, hao ni kantangaze, na kiangazi ndio msimu wao: chuma majani na matunda yaliyoliwa, yafukie chini sana au yachome, usiyatupe pembeni mwa bustani. Kisima kikishuka chini ya madumu 11, nyanya zote zitoke bila huruma. Mboga ya nyumbani isiwe sababu ya kuzing'ang'ania. Majani ya kunde na mlenda mliokausha tangu Machi yanalisha familia bila tone la bustani.

Kabla hujachimba kisima, jaribu kuchota kwa awamu mbili. Kwa upana wa mita 1.2, kila sentimita 10 za kina ni lita 113, kwa hiyo madumu yako 14 ni sentimita 25 tu za maji. Maji huingia kisimani kwa kasi pale kinapokuwa kitupu, na kasi hupungua kadiri yanavyopanda. Ukichota madumu 8 alfajiri na mengine saa kumi jioni, kisima kinakaa muda mrefu kikiwa chini, na jumla ya siku huongezeka. Funga jiwe kwenye kamba yenye alama, upime kila jioni kabla ya kuchota, uandike. Baada ya wiki mbili utajua kinashuka kiasi gani, na hapo utaacha kubahatisha.

Kuchimba zaidi ni wazo zuri, na mwisho wa kiangazi ndio wakati wake hasa, kwa sababu kisima kinachotoa maji Oktoba kitatoa mwaka mzima. Lakini pampu ya shemeji isishuke humo. Injini ya petroli hutoa moshi wenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na shimo la mita 9 haliusafishi. Anayeshuka baada yake huishiwa nguvu kabla hajaelewa kinachotokea, na anayemfuata kumwokoa hufa naye. Hata injini ikiwekwa mdomoni mwa kisima, upepo ukigeuka moshi unazama. Maji yatolewe kwa ndoo na kamba, au kwa pampu ya umeme ambayo jenereta yake iko mbali, upande upepo unakoelekea. Kabla ya mtu kushuka, shusha ndoo yenye matawi ya majani uipandishe na kuishusha mara nyingi kuchanganya hewa, kisha shusha taa ya moto. Ikizima, hakuna kushuka. Ila elewa kwamba taa inayowaka inaonyesha tu kuwa hewa ya kupumua ipo. Haionyeshi sumu ya injini. Mchimbaji afungwe kamba kifuani na juu wawepo watu wawili wasioondoka. Ongeza mita moja hadi moja na nusu, teremsha pete za saruji nyembamba kuliko upana wa sasa, na chini kabisa mwaga kokoto za unene wa sentimita 20 ili mchanga usipande na maji. Mkikuta mwamba mgumu, simameni hapo.

Sasa malisho. Hesabu mpaka tarehe 31 Desemba, siku 115. Kwenu mvua nyingi huanza mwisho wa Novemba au Desemba, na mvua ya kwanza si majani: nyasi za kushibisha huchukua wiki tatu hadi nne. Wengi hukosea hapahapa, wanahesabu mpaka siku ya mawingu. (Kongwa ina historia yake ya hesabu mbaya. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, uliachwa 1951 baada ya kukwama kwenye mvua zisizoaminika na udongo unaokauka ukawa kama saruji.)

Tukimchukulia ng'ombe wako kuwa na uzito wa kilo 300 (kifua cha sentimita 150 hivi kwa tepe ya fundi nguo), anahitaji kilo 9 za chakula kikavu kwa siku. Akila kilo 3 za pumba na mashudu, mabua yanabaki kilo 6.5. Mtamba atakula kilo 7. Jumla kilo 13.5 kwa siku, yaani karibu kilo 1,550 kwa siku 115. Wewe unazo 1,350. Ukimwaga mabua chini, theluthi inakanyagwa na kukojolewa, unabaki na 900. Ukikata vipande vya sentimita 3 hadi 5 kwa panga na kulishia kwenye hori lililoinuliwa, upotevu haufiki moja ya kumi, na pengo lako ni mizigo 22 hadi 25 tu. Inunue wiki hii, kabla majirani hawajafungulia ng'ombe mashambani. Mabua ya mtama yaliyokauka vizuri yanafaa. Mizigo yote ipandishe juu ya kichanja chenye miguu, kwa ajili ya mchwa. Pia mna TALIRI (taasisi ya utafiti wa mifugo) na ranchi ya NARCO (kampuni ya ranchi za taifa) hapo Kongwa. Uliza kama kuna hei (nyasi kavu zilizofungwa) ya kuuza.

Tatizo la mabua si uchache peke yake. Protini yake ni asilimia 4 au 5, na chini ya 7 vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula vyenyewe vinashinda njaa. Ng'ombe anasimama na tumbo limejaa, huku anakonda. Kwa hilo kuna yurea, mbolea ileile ya dukani, ikitumika kwa mizani na si kwa kukadiria kwa mkono.

Chimba shimo la mita 1 kwa 1 kwa 1, litandike nailoni nzito isiyo na tundu. Shimo hilo linameza kama kilo 100 za mabua yaliyokatwa na kushindiliwa. Pima yurea kilo 4, iyeyushe kwenye lita 50 za maji mpaka usisikie punje kwenye vidole. Weka tabaka la kilo 20 za mabua, nyunyiza lita 10 za maji yale kwa keni, kanyaga sana, weka tabaka jingine, mpaka matano. Kunja nailoni juu, funika kwa udongo, usifungue kwa siku 21. Lita 50 zinauma kwa hali yako, ni dumu mbili na nusu, lakini ni mara moja kwa shimo zima. Fanya mashimo mawili kwa kupishana wiki moja, Septemba hii, uanze kulisha Oktoba.

Ukifungua, harufu kali inayochoma macho na rangi ya kahawia ndiyo dalili njema. Kama hakuna harufu, nailoni ilitoboka na ulichobaki nacho ni mabua yaliyoloa. Penye ukungu mweupe au mweusi patupwe. Chini kukiwa na majimaji yaliyooza, maji yalizidi au hukukanyaga. Toa ya kesho leo, ipigwe hewa kivulini usiku kucha, uanze kwa robo ya chakula na kuongeza taratibu kwa siku 7 hadi 10. Wasipewe ndama wa chini ya miezi 6 wala punda. Na ndoo ya maji ya yurea usiiache wazi hata dakika moja, kwa sababu mbuzi mwenye kiu hachagui, na vifo vingi hutokea kwa ndoo, si kwa mabua. Dalili za sumu ni kutetemeka, povu mdomoni, tumbo kuvimba, kuhema. Ng'ombe anyweshwe siki lita 2 hadi 4 na maji mengi ya baridi, mara moja, huku daktari wa mifugo akiitwa.

Anayekamuliwa mpe pumba kilo 2 na mashudu ya alizeti kilo 1 kwa siku, nusu asubuhi nusu jioni, na kijiko kikubwa cha chumvi. Mashudu nunua kwa wakamuaji wa alizeti, pumba Kibaigwa kwenye soko la mahindi. Zivunje na kuzinusa kabla ya kulipa. Mashudu yenye ukungu yana sumu inayopita mpaka kwenye maziwa mnayokunywa ninyi. Kila Jumamosi jiulize: bei ya lita mbili na nusu za maziwa inanunua kilo 3 za chakula hiki? Ikinunua, mumeo ajue kwamba ng'ombe anajilisha mwenyewe na kubakiza nusu. Siku isiponunua, acha kukamua.

Mtamba anauliziwa bei sasa kwa sababu ni mnene, na hapo mume wako yuko sahihi kwamba angeuzika vizuri. Lakini mimba ya miezi mitano leo itazaliwa katikati ya Januari, majani yakiwa yamejaa. Huwezi kupanga tarehe bora kuliko hiyo. Atakayemnunua ataula. Kazi ni Novemba na Desemba, miezi miwili ya mwisho, ambapo ndama tumboni anakua haraka na malisho ni mabaya kuliko wakati wote: mwongeze kilo 1.5 ya pumba na mashudu kwa siku, kama kilo 90 kwa jumla. Akifika kuzaa mbavu zikihesabika kwa mbali, atakosa maziwa na atachelewa kupata joto tena, yaani kutaka dume.

Shemeji naye ajibiwe kwa kipimo. Muite afisa mifugo mwisho wa Septemba ampime mimba anayekamuliwa. Miezi miwili na kitu tangu kupandishwa inatosha kwa mkono wenye uzoefu. Akiwa ameshika, anabaki. Akiwa mtupu na maziwa yameshuka chini ya lita 2 ifikapo katikati ya Oktoba, basi auzwe yeye, na hapo tutakuwa upande wa shemeji.

Mbuzi watatu wapelekwe mnadani mwezi huu. Kuanzia Novemba, ghala zikiisha, kila nyumba inauza mnyama ili inunue mahindi, kwa hiyo bei ya mbuzi inashuka wiki ileile bei ya debe inapanda. Pesa ya mabeberu ndiyo ya mizigo 25 na gunia la kwanza la mashudu. Ila kabla hujawauza wote wawili, elewana na jirani mwenye beberu mzuri, la sivyo utabaki na majike bila dume. Wanaobaki wasile mabua. Wapeleke kwenye vichaka, na jioni wape maganda ya mgunga yaliyoiva na kuanguka, gramu 150 hadi 200 kila mmoja. Yatwange kidogo, mbegu nzima hutoka na kinyesi kama ilivyoingia.

Kuku wa mwaka jana, kwa maelezo yako, walikufa kwa kideri. Chanja sasa, usisubiri Oktoba: chanjo ya I-2, ile inayotengenezwa Kibaha, tone moja kwenye jicho moja, kwa kuku wazima tu, urudie kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Chupa moja inazidi kuku ishirini, kwa hiyo kubalianeni nyumba kadhaa siku moja, iletwe kwenye barafu na imalizwe siku hiyohiyo. Kuku anayenunuliwa au kuletwa zawadi akae peke yake wiki mbili.

Jambo la mwisho ni la mvua yenyewe. Mvua ya kwanza ikipiga, visiki vya mtama kwenye ile nusu ekari vitachipua kabla ya nyasi, vya kijani na vitamu. Machipukizi hayo yakiwa chini ya magoti yana sumu inayoua ng'ombe mwenye njaa ndani ya saa moja. Ng'oa visiki vyote Oktoba, au uzungushie miiba eneo hilo mapema. Na siku mbili tatu za mwanzo wa majani mapya, walishe mabua asubuhi kabla ya kuwafungulia, na wakae malishoni kwa muda wa saa mbili tu. Aliyekonda akishiba majani mabichi kwa pupa huharisha au huvimba tumbo, na usiku wa baridi ya mvua humlaza. Kwa hiyo mizigo kumi ya mwisho usiimalize mawingu yakionekana.